Shule Inayovuja Hufundisha Nini?

Hapa kwetu Kolwezi mvua ya kwanza hutukuta kila mwaka kana kwamba hatukuambiwa. Kuanzia Mei hata Septemba hatuoni tone. Vumbi jekundu la barabara za migodi linapanda, linatua juu ya manjanja, ndiyo mabati kwa wasomaji wa mbali, na upepo unalisukuma mpaka linajaa katika mifereji ya paa. Humo linakaa kimya. Mwezi wa Oktoba, siku moja alasiri, mbingu inafunguka, vumbi linageuka tope, tope linaziba bomba la kuteremshia maji, nayo maji yakikosa njia yaliyotengenezewa yanajitafutia nyingine kwa kupitia darini. Ndivyo ilivyo katika nyumba zetu, na ndivyo ilivyo hata katika majengo ya shule kubwa.

Sisi twajua chumba kimoja cha shule kubwa hapa mjini, maana Jumamosi hukutana humo na vijana wa chama cha wanafunzi Wakatoliki. Siku moja ya mvua tulikuta ubaoni mchoro wa paa ulioachwa na mwalimu wa asubuhi. Ulikuwa mchoro safi: kenchi, boriti, mfereji, kila kitu na jina lake la Kifaransa. Na chini ya mchoro ule palikuwa na ndoo ya kukingia maji ya darini. Vijana walituambia kwamba wakati wa somo walisogeza viti vyao kando ya ndoo wakaendelea kunakili. Sasa tuulizane, asubuhi ile walijifunza nini? Sisi twaogopa kwamba somo la ndoo liliingia kuliko somo la ubao, yaani kwamba paa likivuja mtu mwenye elimu husogeza kiti chake.

Siku hizi katika vyuo vikuu vya nchi nyingine wamepata jina la kuita jambo lililo kinyume cha hili: wanasema chuo kiwe maabara hai. Maabara ya kawaida ni chumba chenye chupa na mizani, ambamo mwanafunzi hujaribu kitu kidogo ili aelewe kikubwa. Maabara hai ni chuo chenyewe, pamoja na paa lake, mabomba yake, nyaya zake, vyoo vyake, jenereta yake na bustani yake. Mwanafunzi anayejifunza kazi ya kuendesha na kutunza majengo makubwa hatafuti mfano kitabuni, maana analala ndani ya mfano na kunawa kwa mfano. Na kazi yenyewe ya kutunza majengo imekuwa elimu kamili, yenye vyeti na walimu wake, kwa sababu hospitali, shule, benki na viwanda vimejaa vyombo visivyoweza kuachiwa mtu wa kubahatisha.

Huko Vancouver, nchi ya Kanada, Chuo Kikuu cha British Columbia kilijenga mtambo wa kuchoma mabaki ya mbao ili kupasha joto majengo yake. Ulianza kazi mwaka 1812? La, si zamani hivyo: ni mwaka 2012 tu. Walimu na wanafunzi wanauchunguza mtambo huo huku ukifanya kazi yake ya kila siku. Karibu zaidi nasi, mjini Nairobi, chuo cha Strathmore, kilichoanza mwaka 1961, kiliweka juu ya mapaa yake mwaka 2014 vibao vya kushika nguvu ya jua, vya kilowati 600. Chuo hichohicho kina kituo cha utafiti wa nishati kinachofundisha mafundi wa umeme wa jua. Mwalimu wa huko hana haja ya kuchora kibao cha jua. Anawaambia wanafunzi wamfuate juu ya paa.

Labda mtu atasema: hayo ni ya matajiri. Tutamjibu baadaye kidogo. Kwanza tuseme kwa nini jambo hili latuhusu sisi watu wa Lualaba.

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière. Kampuni ilijenga kambi za wafanyakazi, na kampuni hiyohiyo ilizitunza. Wazee wanasimulia kwamba robine ikiharibika, mama alikwenda kusema ofisini mwa kambi, na fundi akaja na mfuko wake wa vyombo. Rangi, kioo, bawaba ya mlango, choo, vyote vilitoka kwa kampuni, sawa na posho ya unga. Mwaka 1967 kampuni ilitwaliwa na serikali, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi ile ikaendelea. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka chini ya ardhi, na ilipofika mwaka 1994 shaba yote ya mwaka mzima haikufika tani 40,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi za kampuni zikawa mali ya wale waliokuwa wakikaa ndani yake.

Basi fikirini. Mtu amekaa miaka 30 katika nyumba ambayo hakuruhusiwa hata kuibadilishia kioo, na siku moja anaambiwa: nyumba ni yako. Paa ni lako, bomba la maji machafu lililo chini ya lopango ni lako pia, ingawa hujui limepita wapi. Twasikia watu wakisema kwamba mitaa ile imechakaa kwa sababu ya uvivu. Sisi hatukubali. Watu wale walikwenda mgodini saa kumi na moja ya alfajiri kwa miaka mingi, wapate wapi uvivu? Hakuna aliyewafundisha kutunza nyumba, maana kutunza kulikuwa kazi ya mwingine. Na shule zetu nyingi nazo zinakaa katika majengo ya wakati ule, zikiwa na mazoea yaleyale ya kungoja fundi wa kampuni, ambaye haji tena.

Sisi tuliosoma seminari tulipata bahati ambayo wakati ule hatukuiita bahati. Kila mmoja alikuwa na kazi yake ya mwaka. Wengine walipewa kengele, wengine taa, wengine nguruwe. Sisi tulipewa tangi la maji. Bruda mmoja mzee, mtu wa maneno machache sana, alitupa daftari na fito iliyochongwa alama. Kila asubuhi tulipanda ngazi, tukatumbukiza fito, tukaandika namba. Kazi gani hii ya kitoto, tulijiuliza. Lakini siku moja namba ilishuka kuliko desturi, wala hapakuwa na wageni. Bruda alitazama daftari, akachukua jembe, akaenda nasi polepole kufuata njia ya bomba mpaka penye majani mabichi katikati ya ukavu wa Agosti. Hapo tulichimba, na kumbe bomba lilikuwa limepasuka. Ujazo wa tangi la duara tulikuwa tumefundishwa darasani tukausahau. Tuliukumbuka juu ya ngazi, na hata leo hatujausahau.

Kwa hiyo tulifurahi sana tulipoona mwalimu mmoja kijana wa somo la ujenzi, katika shule ile yenye ndoo, akiwatoa wanafunzi wake nje mwezi wa Septemba, kabla ya mvua. Aliwagawa makundi, kila kundi jengo moja na daftari moja. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika tu: milango mingapi, madirisha mangapi, robine zipi zinavuja, mifereji ipi imejaa. Kundi moja liliweka ndoo ya lita 20 chini ya robine inayodondoka, likatazama saa. Ndoo ilijaa kwa saa 10. Wakapiga hesabu: lita 48 kwa siku, lita 17,520 kwa mwaka, kutoka robine moja, na dawa yake ni kipande cha mpira kinachouzwa sokoni kwa bei ya ndizi. Nje ya ukuta wa shule akina mama walikuwa wakipita na bidoni za maji kichwani. Hakuna mwalimu aliyehitaji kuwaeleza vijana wale uhusiano wa mambo hayo mawili.

Shida ilitokea walipotaka kufunga maji ya jengo moja. Hapakuwa na ramani. Walitafuta ofisini, wakafungua makabati, hawakuona hata karatasi moja yenye kuonyesha mabomba yamepita wapi. Walianza kuchimba kwa kukisia. Ndipo akaja mzee mmoja anayefagia ua na kulinda lango, akasimama nyuma yao kitambo, kisha akasema, "Watoto, msichimbe hapo. Bomba limepita kule kwenye mwembe. Robine kubwa ya kufungia iko chini ya ile saruji, hatua sita kutoka ukutani." Walihesabu hatua sita, wakabandua saruji, wakaikuta. Kijana mmoja akamwuliza, "Mzee, umejuaje?" Akajibu, "Mwanangu, ni mimi niliyeiweka."

Mzee huyu alikuwa fundi wa mabomba katika kampuni kwa miaka mingi. Watu walikuwa wanampita langoni kila siku, wengine hawamsalimu. Ramani nzima ya shule imo kichwani mwake, na hakuna mtu aliyemwomba aitoe. Tangu siku ile mwalimu kijana alimtembeza mbele ya darasa, mzee anaonyesha kwa fimbo, wanafunzi wanapima kwa kamba na kuchora. Mchoro haujakamilika, maana upande wa mashariki mzee mwenyewe ana wasiwasi. Yeye na mwenzake walifanya kazi hiyo, na mwenzake amekwisha kufa. Ndugu wasomaji, ni shule ngapi, hospitali ngapi, hata parokia ngapi, ambazo ramani yake imekwisha kuzikwa hivyo?

Tena liko jambo la nyufa, na hili kwa mji wetu ni zito. Katika migodi hupasua miamba kwa baruti, na nyumba zilizo jirani hutetemeka. Huko Kasulo mwaka 2014 watu waligundua madini chini ya nyumba zao wenyewe, wakachimba mashimo uani na hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na wenyeji wakahamishwa. Katika mji wa namna hii kila mtu ana ufa wa kuonyesha. Lakini akienda kulalamika anaulizwa: ufa huu ni wa lini? Ni wa baruti, au ni wa msingi mbovu? Unakua, au umetulia? Naye hana jibu, ana uchungu tu.

Vijana wale walifundishwa namna ya kuuliza ukuta. Unabandika kipande chembamba cha kioo kukingama ufa, kwa lipu, na pembeni unaandika tarehe. Kwa Kifaransa mafundi hukiita shahidi. Ukuta ukisogea, kioo kinavunjika, na shahidi amesema. Au unapiga alama mbili za kalamu huku na huku za ufa, unapima kwa rula kila mwezi, unaandika. Ni vitu vya bei ndogo mno, ila vyataka mtu wa kurudi mwezi baada ya mwezi bila kuchoka. Nani atarudi, kama si mwanafunzi mwenye daftari ambaye anakaa palepale?

Twakumbuka habari za Dar es Salaam. Mwezi wa Aprili 2017 katika Chuo Kikuu cha huko yalifunguliwa mabweni mapya ya wanafunzi 3,840, yakapewa jina la Rais Magufuli. Mwezi wa Desemba mwaka uleule picha za nyufa zilienea nchi nzima. Wakala wa serikali uliojenga ulieleza kwamba nafasi zile ziliachwa kusudi, ili jengo lipate kupanuka na kusinyaa kwa joto na baridi. Kelele zikawa nyingi pande zote mbili. Sisi hatukuwako, wala si kazi yetu kuamua. Lakini tulijiuliza: juu ya kilima kilekile kuna wanafunzi wa uhandisi mamia kwa mamia, na mbele yao kuna swali zuri kuliko yote ya mtihani. Kioo, lipu na tarehe vingalisema mengi kwa utulivu. Hapa kwetu kijana aliyejifunza kazi hiyo katika ukuta wa shule anaweza kurudi nyumbani kwa mama yake na kubandika shahidi pale. Miezi sita baadaye mama ana karatasi yenye tarehe na namba, naye atakwenda mbele ya wakubwa na neno lenye uzito. Kwetu sisi faida hii yapita zote.

Sasa tuje kwa wapingaji, maana wapo, na baadhi yao wana haki. Katika mkutano wa wanafunzi kijana mmoja alisimama akasema, "Baba yangu ameuza baiskeli yake ili nilipiwe minervali. Sikuja hapa kuzibua mifereji." Wengi walipiga makofi. Na mama mmoja aliyehudhuria aliongeza neno moja tu: "Salongo." Watu wazima wote mle walielewa. Katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, watu walilazimishwa kutoka kufagia njia na kulima bila malipo, wakiimba, na aliyekosa aliadhibiwa. Wazazi wetu hawajasahau. Mtu akileta fagio na kuliita elimu, hatuna budi kumtazama mara mbili.

Kwa hiyo tuliwaambia wazi. Mwanafunzi akipewa ufagio bila mwalimu, bila daftari na bila maksi, hiyo ni salongo kweli, na afanye vema kukataa. Akipewa swali, chombo cha kupimia na mtu wa kumsahihisha, hiyo ni kalasi, hata kama mikono imechafuka. Tena shule isitumie vijana ili kumwachisha kazi mfagiaji. Mfagiaji ana watoto. Mwanafunzi apime, achore, aandike, ajaribu, atengeneze mara moja na mbili ili ajue. Kazi ya kila siku ibaki kwa mwenye mshahara wake. Kijana wa baiskeli hakuridhika sana. Alisema atangoja aone maksi.

Na kuhusu utajiri: mwaka 1881 Booker T. Washington alipoanza shule ya Tuskegee huko Alabama, Marekani, kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani karibuni, hakuwa na majengo. Wanafunzi wake walifyatua matofali. Tanuru la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, la tatu likaharibika. Mwalimu akaweka rehani saa yake ili apate fedha ya tanuru la nne, nalo likafaulu. Wanafunzi wale nao walinung'unika, na wazazi waliandika barua kukataa watoto wao kufanya kazi za mikono. Jambo la kusisitiza ni kwamba waliruhusiwa kuharibu matanuru matatu. Katika shule zetu nani anaruhusiwa kuharibu hata robine moja ili ajifunze?

Umeme pia ungekuwa somo kubwa kwetu. Bwawa la Nzilo lilianza kutoa umeme mwaka 1952, la Nseke mwaka 1956, na waya mrefu wa Inga, wa kilomita 1,700 hivi, uliowashwa mwaka 1982, unaishia hapahapa Kolwezi. Hata hivyo taa za shule huzimika, na jenereta inanguruma nyuma ya maktaba. Inakunywa lita ngapi kwa saa? Inawaka saa ngapi kwa mwezi? Mafuta ya mashine yalibadilishwa lini? Kundi la tatu limeanza kuandika hayo, na mhasibu wa shule, ambaye mwanzoni hakuwajali, sasa ndiye anayewaomba daftari lao kila mwisho wa mwezi.

Mifereji ya majengo mawili ilizibuliwa kabla ya Oktoba. Katika chumba chetu cha Jumamosi ndoo bado ipo, maana pale si mfereji tu ulioharibika, ni bati lenyewe limeoza, na bati halinunuliwi kwa daftari. Mwalimu kijana ameandika barua kwa wakubwa wa shule akiomba mambo mawili: mabati kumi na manne, na malipo ya saa sita kwa juma kwa mzee wa langoni, aandikwe katika karatasi za shule kama mfundishaji wa kazi za mikono. Kwa mabati wamejibu kwamba watatazama. Kwa mzee hawajajibu. Yeye bado anafungua lango saa kumi na mbili asubuhi, na Alhamisi, vijana wakija na kamba yao, anaacha fagio ukutani na kwenda nao upande wa mashariki.